Jawabu Nililompa Meya

Huyu ninayemsimulia siku hizi ni meya wa mji mdogo huko Ufilipino. Kabla ya umeya alikuwa mchekeshaji wa televisheni kwao, na kabla ya hapo alikuwa akiimba kwenye hoteli moja hapa Dubai, mtaa wa Al Barsha, ambako mie nilikuwa mapokezi. Na mwanzo kabisa alicheza mpira wa kikapu, mpaka goti likamkataa. Mrefu wallahi! Akija kuegemea kaunta yangu hujikunja, nami nikimtania, "Shuka chini tuzungumze."

Nilimpenda. Nasema wazi, umri wa kuficha umeshanipita.

Sisi asili yetu Unguja, lakini nimezaliwa papa hapa Bur Dubai, na mama katulea Kiunguja hasa. Mrefu wangu alijua sisi Waislamu, na alikuwa keshaanza darasa la dini yetu kwa hiari yake. Jioni moja baada ya kazi, tukingoja metro, akaniambia, "Nataka kwenda kwa baba yako Ijumaa. Lakini kwanza niambie wewe, unanitaka?"

Niliinamisha kichwa nikanyamaza. Jamani, ningefanya nini? Kwetu mwanamwali akiulizwa habari ya kuolewa hajibu. Asiyetaka ndiye husema, hata akalia. Akinyamaza keshakubali, na shekhe mwenyewe hutosheka na kimya hicho. Basi nilinyamaza kwa moyo wangu wote. Treni ikaja, tukapanda, naye hakusema neno mpaka kituo changu.

Nyumbani nikamwambia mama. Ijumaa ile nyumba ilifukizwa udi, baba akavaa kanzu mpya, mama akasonga halua mwenyewe, ya dukani kaikataa. Tukakaa. Ikapita alasiri, ikapita magharibi. Baba akaenda kuivua kanzu yake, na mpaka leo hajaniuliza kitu.

Na mie na hasira zangu, nikamuulize? Thubutu! Tukikutana kazini nikimwita "sir", kama mgeni wa hoteli. Mwezi haukwisha akarudi kwao. Waposaji wengine walikuja baadaye, watu wazuri tu, na kila mmoja nikamwambia mama simtaki.

Mwaka jana shoga yangu Mfilipino, niliyekuwa naye pale mapokezi, alinishangaa nilipomtaja. "Si wewe uliyemkataa? Alikuuliza, hukumjibu. Kwetu mtu akinyamaza hivyo, anaona haya kusema hapana."

"Nilimkubali!" nikamwambia.

"Ulimwambia lini?"

Loo! Nikaenda kulia chooni, mwanamke mzima na kitambulisho cha kazi shingoni.

Kwao meya hufungisha ndoa, na shoga yangu hunitumia video zake. Uchekeshaji haukumtoka: huwaimbia maharusi, hucheza na mama wa bibi harusi, ukumbi hoi. Nami hutazama, nikamtamani kama jana. Kuna video moja nimeirudia sana. Bibi harusi, msichana mdogo, kaulizwa kama anamkubali bwana yule, akaitika kwa kichwa tu. Meya akasimamisha shughuli. Akamsogezea maikrofoni mdomoni, akamwambia maneno ambayo ilibidi shoga yangu anitafsirie: "Mwanangu, sema kwa mdomo, asikie."

Ukumbi mzima ukacheka, umeizoea mizaha yake. Yeye hakucheka. Alisimama pale akangoja, mpaka msichana akasema.