Wajukuu wa Wiston

Imetamkwa rasmi, chini ya turubai na mbele ya soda za moto, kwamba kuanzia sasa lugha si kikwazo tena cha huduma ya afya wilayani Ngara. Aliyetamka ni Wiston, mratibu wa mradi, kijana wa suti. Picha yake ikabandikwa ukutani zahanati, jina lake chini kwa herufi kubwa.

Aliyekiondoa hicho kikwazo hakualikwa. Deodata, mzaliwa wa Runazi, mwalimu wa kompyuta, alimaliza likizo zake akiitafsiri kwa Kiswahili na Kihangaza programu ya zahanati ya kusajili watoto wa chanjo. Ni programu huria, maana yake yeyote ana ruhusa ya kuifungua na kuirekebisha. Deodata aliliamini hilo.

Siku moja yuko zahanati akiifanyia kompyuta ukarabati, akaingia Mukandayisenga wa Murukulazo, mwanawe mgongoni, zamu yake ya chanjo ya surua imefika. Nesi Tecla akasoma kadi iliyojazwa na baba wa mtoto, akabonyeza, akatikisa kichwa.

"Derick Marcel Bernardo hayumo. Rudi na baba yake."

"Hayumo wapi, nesi? Huku mgongoni nimebeba muhogo?"

Akarudishwa. Deodata akamfuata nje.

"Mama Derick, siku ya kumsajili ulitaja jina gani la tatu?"

Mama Derick akatazama chini. Jina la tatu ni la babu, na babu huyo ni baba mkwe wake. Huku mke wa mtu hamtaji baba mkwe kwa jina. Afadhali amtaje shetani. Lakini kompyuta ilikataa kuendelea bila jina la tatu.

"Nilitaja la yule," akasema, akionyesha picha ya ukutani kwa kidevu. "Wote tulitaja la yule. Wewe mwalimu ungemtaja mkweo?"

"Sina mkwe."

"Ndiyo maana."

Deodata alikuwa ametafsiri kila neno bila kumuuliza mkaza mwana hata mmoja. Akaanza kujikasirikia mwenyewe, kwa haki. Siku hiyohiyo akairekebisha programu, nafasi ya jina la tatu iweze kuachwa wazi, wanaume wajaze baadaye. Kisha akampigia Wiston.

"Dada Deodata, nani kakuruhusu?"

"Leseni ya programu."

"Irudishe ilivyokuwa. Makao makuu wanataka fomu moja nchi nzima. Hao akina mama waelimishwe."

"Waelimishwe kumvunjia mkwe heshima?"

"Punguza jazba, dada."

"Mtoto kakosa chanjo, Wiston, na wewe unalinda kiboksi!"

Kesho yake programu ilikuwa imerudishwa ilivyokuwa, na nywila ya Deodata imefutwa. Alikwenda zahanati hivyohivyo, amemshika Mama Derick mkono kama anayempeleka polisi, akasimama nyuma ya kiti cha Tecla.

"Mtafute Derick Marcel Wiston."

Alikuwemo. Derick akachomwa sindano, akalia, akanyonyeshwa, na kompyuta ikaandika kwamba mjukuu wa Wiston amechanjwa.

Wiston bado hajaoa.