Darubini Anapimwa

Mwalimu wa sayansi wa shule ile aliitwa Darubini, na jina alijipachika mwenyewe. Mwaka aliofika aliligeuzia darasa mgongo akasema, "Wewe wa nyuma unayetafuna, meza." Darasa gani la vijana halina wa nyuma anayetafuna? Lakini vijana waliduwaa, na yeye akavimba kichwa mpaka leo.

Tumpe haki yake: kufundisha alijua. Wenzake walisomesha sayansi kwa kukaririsha. Yeye aliwasha mshumaa, akawaambia vijana waandike wanachokiona. Aliyeandika "nuru ya maarifa" alitolewa nje. "Nimekuuliza umeona nini, sikukuuliza ulitegemea kuona nini," alifoka. Ukitaka kujua jambo, alisema, badilisha kitu kimoja, vingine viache vilivyo, halafu rudia. Vijana waliokuja wakiwa mabingwa wa kukariri walirudi kwao wakiuliza maswali hadi wazazi wakaomba poo.

Sasa bwana huyu wa kufundisha watu kuona, mwenyewe alikuwa haoni. Maandishi yalianza kumpotea, ya karibu na ya mbali. Mkewe, fundi cherehani, alimwambia wazi, "Baba watoto, nenda kapimwe macho. Mimi navaa miwani, nimekufa?" Akajibu kwamba taa za nyumba ile ni hafifu. Mkewe akabadilisha taa. Akasema sasa zinamuumiza macho.

Kiburi kilikuwapo, tena tele, lakini chini yake palikuwa na hofu. Shule ilikuwa imeajiri mwalimu kijana wa sayansi, na Darubini aliamini kabisa kwamba siku mkuu wa shule akijua habari ya macho, maabara itakwenda kwa kijana, na yeye atatupwa kwenye kijichumba cha ofisi apange ratiba hadi astaafu. Bila maabara hakuwa na lolote la kumtoa kitandani asubuhi. Basi akajikaza kisabuni. Kipimajoto alimpa mwanafunzi asome. Chupa za dawa alizijua kwa mahali zilipokaa kwenye rafu.

Siku moja rafu ilisafishwa, chupa zikahama. Mwanafunzi mmoja akamwagikiwa dawa mkononi, na Darubini akanyakua chupa ya maji amwoshee. Ilikuwa tindikali. Binti wa dawati la mbele, mpole asiye na maneno mengi, akamnyang'anya taratibu akamtia mkononi chupa ya maji. Darubini akaosha ule mkono huku akiwahutubia juu ya umuhimu wa uangalifu.

Binti alitoka pale na shaka moyoni. Alimpenda mwalimu wake, na umbea haukuwa kazi yake. Lakini alikuwa amefundishwa namna ya kuchunguza jambo, na yeye na kundi lake wakaanza kulichunguza.

Maonyesho ya sayansi yalipokaribia, kila kundi lilichagua swali lake. Darubini akapita kukagua mabango, mikono nyuma. Mbele ya bango la binti alisimama kitambo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kazi safi. Mwandiko umetulia. Hili litayatangulia mengine mbele ya wageni."

"Umelisoma lote, mwalimu?" binti akauliza.

"Neno kwa neno."

Siku ikafika, ukumbi ukajaa wazazi. Mkuu wa shule, mama asiyependa porojo, alikaa jukwaani pamoja na Darubini, aliyevaa suti yake ya harusi. Binti akasimama kando ya bango, akalisoma swali la kundi lake: "Je, mwalimu wetu wa sayansi anaona?"

Watu wakacheka. Binti hakucheka. Akaeleza jinsi walivyomsomea maji ya vuguvugu kuwa na nyuzi mia tatu, naye akasema vizuri sana. Jinsi walivyogeuza chati ya ukutani miguu juu, naye akaifundisha hivyo hivyo kipindi kizima. Waliandika sentensi ileile ubaoni kwa herufi kubwa, kisha ndogo, bila kubadilisha kingine. Ya kubwa aliisoma. Ya ndogo ilimpa kikohozi.

"Tumeona kwamba mwalimu anahitaji miwani," akamaliza. "Tunaomba apate kabla mtu hajaungua."

Mkuu wa shule akageuka. "Mwalimu, ni kweli?"

Angesema "kweli" tu, yaishe. Lakini Darubini, bwana, alicheka. "Nilijua tangu mwanzo," akasema. "Niliwaacha wanijaribu, nione kama wameiva." Wazazi wakashusha pumzi, wakampigia makofi, na mzee mzima akawapungia mkono.

Machozi yalikuwa yanamlenga binti. Kesho wangerudi maabara kwenye zile chupa. Akachukua kadi mezani, akaishika kifuani. "Basi tusomee hii, mwalimu."

Darubini akakunja uso, akaitazama. Ilikuwa siku ya wageni, na kadi ingeandikwa nini kingine? "Karibuni wageni wetu," akasoma kwa sauti nzito ya darasani.

Kadi ilikuwa nyeupe tupu. Binti akaigeuza, na upande wa pili nao haukuwa na kitu.

Safari hii hakuna aliyecheka. "Kwa sababu ya macho nisingekunyang'anya maabara, mwalimu," mkuu wa shule akasema polepole. "Miwani ningekununulia mwenyewe. Lakini umesoma pasipoandikwa, mbele ya watoto uliowafundisha. Kuanzia kesho maabara ni ya mwenzako."

"Hata nikivaa miwani?"

"Hata ukivaa."

Darubini akainuka ashuke jukwaani. Suti ilionekana kumpwaya ghafla. Binti, ambaye sasa alikuwa analia waziwazi, alimkimbilia akamshika mkono.

"Kuna ngazi hapo, mwalimu."

"Naziona," akasema Darubini, huku ameung'ang'ania mkono wa yule mtoto kwa vidole vyote.