Ombi Ambalo Halikufa

Nyumbani walimwita Herufi, na hakulipenda jina hilo kwa sababu lilimfaa. Tangu utotoni hakuweza kupita mbele ya kibao kilichoandikwa vibaya bila kusimama, kama mtu aliyemkuta jamaa yake amelala mtaroni. Alisomea usanifu wa michoro, akahitimu, akarudi kukaa na mama yake katika vyumba viwili juu ya fundi redio. Hapo akaanza kazi ambayo hakuna chuo kinachoifundisha, yaani kazi ya kuomba kazi.

Palipotakiwa msanifu mwenye uzoefu, aliambiwa hana uzoefu. Palipotakiwa kijana wa kufundishwa, aliambiwa umri umempita. Kampuni moja ilimtaka atume mfano wa kazi yake. Akawatengenezea kalenda nzima, wakamjibu kwamba haikuwavutia, na mwaka mpya ulipoingia akaikuta imetundikwa kwa kinyozi, nembo ya kampuni ikimtazama kwenye kioo wakati ananyolewa. Kampuni nyingine ilimtakia kila la heri huko aendako. Hakuwa anakwenda popote.

Mwishowe akaacha kuzisoma barua hizo. Kila moja ilipoingia kwenye simu, aliituma bila kuifungua kwa jamaa wa fotokopi pale kona aichapishe, na mama yake akaipitia akitoka sokoni. Mama alikuwa na roho ngumu, na isitoshe alisema kwamba mambo ya kwenye simu hayashikiki. Aliisoma barua, akasonya, kisha akaitumia kufungia vitunguu.

Ombi lililopelekwa kwa kampuni kubwa ya matangazo lilikuwa la mwisho. Hilo lilikwisha kuamuliwa na mjomba wake, kaka wa mama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mpole ambaye hakuwahi kuelewa kwa nini mtu akasomee herufi ilhali kila mtu anazijua.

"Hii ukiikosa, mpwa wangu, Jumatatu unakuja dukani."

"Nikafanye nini huko, mjomba?"

"Uuze misumari. Msumari haujui kuomba kazi. Unagongwa, unakaa."

Jibu lilikuja Alhamisi. Jioni mama alipanda ngazi kwa kishindo, akaweka kikapu mezani, akainyoosha karatasi chini ya taa. Nembo ya kampuni ilikuwa imekula karibu nusu ya ukurasa. Chini yake maneno yalibanana kama wapangaji. Mama akasoma kwa sauti ya kusikika mpaka kwa fundi redio: "Baada ya kulitafakari kwa kina, tunapenda kukujulisha kuwa ombi lako halikufa."

Akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Halikufa."

Herufi aliichukua karatasi. Kweli, neno lenyewe lilikuwa pale, mwisho kabisa wa ukurasa.

"Hakuna nukta," alisema.

"Nukta ya nini?"

"Sentensi ikiisha huwekwa nukta, mama. Hii haijaisha."

"Wewe hata peponi utasema mlango umepinda. Watu wazima wamekaa, wamelitazama ombi lako, wameona halikufa. Ulitaka life?"

"Lakini nani anaandika hivyo?"

"Watu wa matangazo. Si ndiyo kazi yao, kusema mambo kwa namna yao?"

Simu yenye barua ile ilikuwa mfukoni mwa Herufi. Kidole kimoja tu kingemaliza ubishi. Aliugusa mfuko, akausikia uzito wa ile simu pajani, akauondoa mkono. Katika maisha yake yote hakuwahi kuliacha kosa lipite, hata kwenye kadi za harusi za watu asiowajua. Hili aliliacha. Alikaa kando ya dirisha akisikiliza mama anavyompigia mjomba simu kumwambia atafute mtu mwingine wa misumari, na giza likaingia taratibu chumbani bila mtu kulikaribisha wala kulifukuza.

Asubuhi alipiga pasi shati, akaenda kwenye ile kampuni. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa na kochi la rangi ya chungwa lililotengenezwa ili litazamwe, si likaliwe, lakini watu walikuwa wamelikalia na wengine wamesimama ukutani, wote katika mashati yenye mikunjo ya pasi.

"Na wewe halikufa?" mpiga picha mmoja mwenye mkoba wa kamera begani alimuuliza Herufi.

"Halikufa."

"Hata langu. Hongera, bwana." Wakapeana mikono.

Dada wa mapokezi alisubiri mlango ujifunge, kisha akasimama nyuma ya meza yake kama mtu aliyetumwa kwenye msiba.

"Ndugu zangu, ile barua ina ukurasa wa pili."

"Umeandikwa nini?"

"Umeandikwa ulu."

"Ulu ndiyo nini, dada?" akauliza mmoja.

"Ni mkia wa neno. Halikufaulu. Wakubwa waliongeza nembo juu, maneno yakasukumwa chini, hiyo ulu ikaangukia ng'ambo. Poleni sana."

Simu zikatolewa. Mpiga picha aliikuza ile ulu kwa vidole viwili, akaisogeza huku na huku, kama anayemtafuta ndugu yake kwenye picha ya zamani. Jamaa wa fotokopi, Herufi alielewa sasa, aliuona ukurasa wenye silabi mbili akadhani mashine imetema wino.

Mkurugenzi wa ubunifu akatokea, suruali fupi, viatu bila soksi. "Kuna tatizo?"

"Nembo yenu ni kubwa mno," alisema Herufi. Mdomo ulimtangulia. "Na mashine yenu inakata maneno ovyo. Neno moja limewaletea watu wote hawa."

"Unaweza kutuonyesha?"

Wangapi wangekwenda zao? Yeye alikaa kwenye kompyuta ya dada wa mapokezi. Aliipunguza nembo ikawa na ukubwa wa kifungo cha shati, akazipa pambizo nafasi ya kupumua, akalikamata lile neno na kulirudisha lote kwenye mstari mmoja. Mkononi alihisi furaha yake ya zamani, ile isiyouliza inamtumikia nani.

Mkurugenzi aliinama. "Safi sana. Hii sasa inakataa kwa heshima. Mtu kama wewe ndiye tunayemtafuta."

Herufi aliinuka kitini. "Kwa hiyo ile nafasi, mkuu?"

"Ile ilijazwa kabla hatujaitangaza. Lakini jina lako tunalo." Akamgeukia dada wa mapokezi. "Anza na lake, tuone inavyotoka."

Karatasi ikatoka ingali na joto.

Nyumbani mama aliisoma akiwa amesimama. Safari hii hakukosea popote. Jina la mwanawe, salamu, ombi, halikufaulu, nukta.

"Hii nimeielewa," alisema. "Angalau wamesema kwa adabu."

"Nimeitengeneza mimi."

Mama akarudia kuitazama, si maneno sasa, bali ile nafasi nyeupe pembeni, na jinsi kila mstari ulivyokaa bila kumsukuma mwenzake. Vitunguu vilikuwa mezani. Hakuvifungia kwa karatasi hiyo.

Jumatatu Herufi alifika dukani kabla mjomba hajamaliza kufungua milango. Juu yao kilining'inia kibao ambacho kwa miaka mingi alipita ng'ambo ya barabara ili asikione: RANGI, MISUMARI, MABA, na chini yake, peke yake, TI.

"Usikiguse," alisema mjomba bila kugeuka.

"Sijasema kitu."

"Nimekusikia unapumua. Wateja wananunua maba, ti nawapa bure. Hakuna aliyelalamika."

Herufi alipanga misumari kwa ukubwa. Akapanga vitasa. Akafuta kaunta, ikawa safi, akaifuta tena. Kila mteja alipoingia, macho yake yalipita juu ya kichwa cha mteja yakaenda mlangoni.

"Mjomba, ngazi tunauza?"

"Tunauza."

"Na brashi?"

Mjomba alishusha miwani, akamtazama mpwa wake kwa muda, kisha akatazama nje, kwenye kivuli cha kibao barazani.

"Panda," alisema. "Ila nembo usiniwekee."