Siku Niliyozima Simu Kibaoni

Simu niliizima mwenyewe. Nilikuwa nimemaliza kazi Mamba saa sita mchana. Nikamtumia mume wangu ujumbe kwamba mkutano na wakulima wa mpunga ungechelewa, kisha nikaendesha pikipiki mpaka Kibaoni, nikakaa kwenye mgahawa wa mama mmoja anayeuza wali maharage, nikaagiza chai na kufungua daftari. Haukuwa uongo wa kwanza. Tangu masika nilikuwa nimeusema mara nyingi, na kila mara ulitoka mdomoni kwa urahisi zaidi.

Mimi ni bibi shamba. Kituo changu kipo Mwamkulu, pembeni mwa mji wa Mpanda, lakini mara mbili kwa mwezi ofisi hunituma ng'ambo ya hifadhi ya Katavi, vijiji vya Usevya na Mamba, kukagua mashamba darasa. Nyumbani nina mume, mwalimu wa hesabu, na watoto wawili. Wakati huo binti yangu alikuwa na miaka minne, na mdogo wake ndio kwanza alikuwa anatambaa.

Riwaya niliyokuwa naiandika kwenye daftari hilo ilianzia Usevya. Mrina asali mmoja alinisimulia alivyokwama juu ya mti tangu asubuhi hadi jioni, chini nyati aliyejeruhiwa akimsubiri. Nilirudi nyumbani na nyati yule kichwani. Nikaanza kuandika habari za mrina asali anayegundua pembe za ndovu zilizofichwa porini, majangili wanamfukuza, naye anakata mbuga ya Katavi kwa miguu. Nyumbani haikuwezekana kuandika. Nikishika kalamu, mmoja analia, mwingine anataka uji, maji yamekatika. Na kumwambia mume wangu niliona aibu. Kwetu bibi shamba akisema anaandika kitabu, watu wanadhani ni cha viwavijeshi.

Basi nikawa naiba saa. Siku ile nilikuwa kwenye sura ya tembo. Shujaa wangu alipita katikati ya kundi la tembo bila hata kuhema, na mimi nilijiona nimeandika vizuri kabisa.

Saa tisa nikafunga daftari na kuwasha simu. Ujumbe ukaanza kuingia mmoja juu ya mwingine. Wa kwanza: "Mtoto anachemka." Wa pili: "Piga simu." Kisha: "Ameshikwa na degedege. Uko wapi?" Baada ya huo hakukuwa na mwingine.

Nilipiga, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita vilevile. Yule mama wa mgahawa aliniona nimesimama na kofia ya pikipiki mkononi, akauliza, "Kuna msiba?" Niliivaa kofia. Niliondoka.

Barabara ya kwenda Mpanda inapita ndani ya hifadhi, na humo mtandao hakuna. Nililijua hilo nilipokuwa naingia. Ningesimama Kibaoni kuendelea kupiga, ningechelewa; nikiingia, nisingejua lolote mpaka nitokee Sitalike. Nikaingia. Mbung'o walinishambulia shingoni na mgongoni, wakinichoma kupitia shati, na sikupunguza mwendo kuwafukuza. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, namba tu, ili nisifikirie macho ya mtoto yakigeuka.

Kwenye kona moja nikakuta lori la mpunga limesimama katikati ya barabara. Dereva alikuwa amechungulia dirishani, akaniashiria kwa kiganja nishushe sauti.

"Dada, zima pikipiki. Taratibu."

Mbele ya lori, mita chache tu, tembo walikuwa wanavuka. Walikuwa na mtoto, naye alisimama barabarani akichezea vumbi, na mama yake akageuka kututazama huku masikio ameyatanua.

"Nina mgonjwa," nilisema. "Mwanangu. Niache nipite pembeni."

"Hupiti."

Nikashika ufunguo kuwasha. Dereva alishuka kwa haraka ambayo sikuitarajia kwa mtu mnene vile, akauchomoa na kuukumbatia kifuani. "Ukimtibua yule, ataanza na wewe, halafu amalizie na mimi. Na huyo mtoto wako atabaki na nani? Panda humu."

Nilipanda. Tulikaa kwenye lori, yeye akinong'ona rozari, mimi nikiuma kidole. Mkojo ulinibana kwa woga. Nilitazama lile sikio kubwa likipunga na nikajua kwamba sura yote niliyoiandika ilikuwa uongo, na kwamba kwa ajili ya uongo huo sikuwa nyumbani. Sijui tulikaa muda gani. Walipoingia vichakani wote, dereva alinirudishia ufunguo. "Nenda. Ila usikimbie," alisema.

Nilikimbia.

Sitalike simu ilishika mtandao. Mume wangu akapokea.

"Yuko wapi?"

"Tuko hospitali," akasema, akakata.

Hakusema ni mzima. Kilomita zilizobaki hadi Mpanda nimezisahau kabisa. Nakumbuka wodi. Binti yangu alikuwa amelala, dripu mkononi, anapumua. Nesi aliniambia malaria ilimpanda kichwani, lakini aliwahishwa. Jirani yetu alikuwa amebaki nyumbani na mtoto wetu mdogo. Mume wangu alikuwa amekaa chini ukutani, shati lina matapishi.

"Nilipiga ofisini kwako," alisema bila kunitazama. "Wakampigia kiongozi wa kikundi kule Mamba. Anasema mlimaliza saa sita."

"Ndiyo."

"Ni nani?"

Ilinichukua muda kuelewa anauliza nini. Nikatoa daftari mkobani. "Nilikuwa naandika. Hadithi. Hakuna mtu mwingine."

Alilitazama bila kulipokea. "Ingekuwa mwanaume, ningejua cha kufanya," alisema.

Mtoto alipona. Sisi tulichukua muda mrefu zaidi. Miezi miwili mume wangu alinisemesha mambo ya chumvi na ada tu, na mimi sikugusa kalamu. Jumapili moja baada ya misa nilimkuta kibarazani anasoma daftari, yuko katikati. Nikasimama mlangoni kama mwanafunzi wake.

"Hii ya tembo si kweli," alisema.

"Najua."

Nikamsimulia siku ile yote, lori, ufunguo, mkojo. Hakuwahi kuisikia, hakuwahi kuuliza. Alipofunga daftari, alisema, "Jumamosi asubuhi nakaa na watoto. Andikia chumbani. Lakini ukinidanganya tena, sitakuuliza."

Niliandika Jumamosi, mlango ukigongwa, mara nyingine nikitoka kwa hasira, mara nyingine yeye akiwachukua watoto mpaka uwanjani. Sura ya tembo niliiandika upya: mrina asali anajikojolea. Mchapishaji wa kwanza hakujibu. Wa pili alitaka nipunguze nyati. Mwaka jana boksi la nakala za kitabu lilifika stendi kwa basi, na mume wangu ndiye aliyelibeba.

Binti yangu sasa anajua kusoma. Alisoma kurasa za mwanzo akiwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, akanyanyua kichwa.

"Mama, huyu akiwa porini, watoto wake kawaachia nani?"

"Hana watoto," nilimwambia.

Akageuza ukurasa, akaendelea kusoma.