Rekodi Zilizowahi Kufika Dar

Siku yangu ya kwanza kazini Meneja wa Tawi alinionyesha kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha meza, akanionya nisiiguse kabla ya kunawa, maana vumbi la Kizota, hapa Dodoma, lilikuwa halina adabu. Shirika letu la umma liliuza pembejeo. Mwendeshaji mwenzangu wa kompyuta alikuwa Mama Chiku, mjane wa Chemba, aliyekuwa akisomesha watoto wake kwa mshahara huohuo. Kila jioni tulirekebisha rekodi za ghala letu ndani ya kompyuta ya makao makuu, Dar es Salaam, kupitia modemu, kifaa kinachopitisha taarifa kwenye waya wa simu.

Zilikuwa zama za soko huria, mashirika yanauzwa. Mkurugenzi wa Uendeshaji alikuja kutoka Dar, hata kuketi hakuketi.

"Rekodi zenu zinachelewa. Mkiendelea hivi, tawi tunalifunga."

Mama Chiku hakula mchana ule.

Kilichotuchelewesha ni kwamba tulituma badiliko moja, tukasubiri Dar ijibu, ndipo tutume jingine. Ilikuwa kama kumtuma mtoto dukani chumvi, akirudi umtume kiberiti.

"Mwanangu, si tumpe kikapu abebe vyote?" alisema Mama Chiku.

Nikaandika programu ya kukusanya mabadiliko yote katika fungu moja, na kompyuta ya kule ikayaingiza kwa mpigo. Simu ikikatika katikati, fungu zima lilifutwa tukalituma upya, ili rekodi zisibaki nusunusu. Kazi ya jioni nzima ikawa inaisha kabla chai haijachemka. Tulifurahi kama wajinga.

Mkurugenzi akarudi. Safari hii aliketi, akanywa na soda.

"Hongereni sana. Kwa kasi hii, mtu mmoja wa Dar anatosha kuhudumia matawi yote. Huku hatuhitaji tena watu wa kompyuta."

Meneja alikuwa akitazama viatu vyake. Fungu la mwisho nililotuma lilikuwa la rekodi za watumishi, yangu na ya Mama Chiku zikiwemo, tukiandikwa "amepunguzwa".

Baadaye nilitengeneza kompyuta za watu mpaka nikastaafu. Vijana wakinisifu kwa programu ile, nakasirika, wala sifichi. Watoto wa Mama Chiku waliacha shule. Siku anaondoka kwenda Chemba kulima, aliniuliza, "Tungechelewa, wangetufukuza. Tumewahi, wametufukuza. Hivi mwanangu, walitaka tufanyeje?"

Nilimbebea begi mpaka stendi.