Wifi Yangu, Fundi Rangi

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi wa kupaka rangi, na madoa ya mikononi mwake hayatoki hata kwa mafuta ya taa. Siku hizi hupanda ngazi mpaka juu akiimba, sauti nene isiyofuata wimbo wowote. Zamani alikuwa akifika katikati anashika tumbo, anashuka kujilaza sakafuni, uso umempauka. Daktari alipogundua kwamba ngano ndiyo inayomdhuru, aliacha mkate, maandazi na keki, asionje hata chembe. Sasa hatoki bila kopo lake la viazi, na kila akikaribishwa chakula huuliza kwa upole, “Humu kuna ngano?”

Juzi, kwenye harusi ya binti wa wifi, mama yangu alimsogezea keki.

“Kipande kidogo tu, mwanangu. Leo ni siku ya mwanao.”

Akakirudisha kwa mikono miwili. “Ndiyo maana siigusi, mama. Leo nataka kucheza mpaka mwisho.”

Akacheza mpaka vijana wakatafuta viti. Nami nikawa namwambia kila aliyekaa karibu, hata wasioniuliza, “Yule ni wifi yangu.”