Alhamisi ya Kuumwa

Watu walimwita Bwana Mitaro. Kwa cheo alikuwa bwana afya wa kituo cha afya cha mtaa, lakini ofisini hakukaa. Kutwa alikuwa mitaroni, suruali imekunjwa mpaka magotini, akizibua taka na kugombana na watu.

"Dada, hilo kopo lina maji. Unafuga mbu?"

"Nawafuga waje wakuume wewe, kaka. Hata salamu huna!"

Walimcheka, walimsema, lakini makopo waliyamwaga. Miaka mitatu alifukia madimbwi na kuchungulia vyoo vya watu bila haya. Mwaka wa tatu malaria ikaota mbawa. Mabenchi ya kituo yakabaki matupu, na muuguzi mkuu akapata nafasi ya kufuma vitambaa vya meza mchana kweupe.

Ndipo yakaja mageuzi. Kila kituo kilitakiwa kupewa alama, na kitakachopata chini ya hamsini kifungwe, watumishi wake waende nyumbani. Bwana Mitaro aliisoma karatasi ya maagizo hayo mara mbili. Alama sitini zilikuwa za wingi wa wagonjwa. Wao mwezi mzima walikuwa wameona tisa, na mmoja wao alikuwa amepita kuuliza njia tu.

"Tumekwisha," alisema muuguzi mkuu. "Umetuponza, kaka."

"Kumbe nilitakiwa niwatunze mbu?"

"Sijui. Ninachojua, mkaguzi anakuja Alhamisi."

Bwana Mitaro alikuwa na watoto wanne na hakujua kazi nyingine. Akapiga moyo konde, akaanza tena kupita nyumba kwa nyumba, safari hii kwa unyenyekevu. Alianza kwa shangazi yake.

"Shangazi, nakuomba Alhamisi uumwe."

"Niumwe nini?"

"Chochote. Mpaka saa sita tu."

"Mimi buheri wa afya, baba. Haya, kwa ajili yako nitaumwa kiuno. Kichwa mpe jirani, yule anajua kuguna."

Alhamisi kituo kikafurika. Wanaume ambao hawajawahi kuona sindano walikohoa kwa zamu. Mmoja aliulizwa anaumwa wapi, akasema mkono, huku ameshika goti. Mkaguzi, mtu mwembamba mwenye faili nene, alihesabu vichwa kwa ncha ya kalamu na hakuuliza zaidi. Shangazi aliguna hata mkaguzi akampisha kiti.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu Jumanne, mwanangu, alipokuja kuniomba..."

Bwana Mitaro akakohoa kikohozi cha kupasua mbavu.

"...kuniomba nimbebee ndoo," shangazi akamalizia, na kuguna upya.

Wiki mbili baadaye majibu yakaja. Alama tisini na moja! Vigelegele vikapigwa mpaka barabarani. Muuguzi mkuu alisoma kwa sauti: kituo kinabaki, tena kinaongezewa vitanda kumi. Akafunua ukurasa wa mwisho, sauti ikampungua.

"Soma, dada," alisema Bwana Mitaro.

"'Wingi wa wagonjwa unaonyesha kwamba kazi ya kuzuia magonjwa haikufanyika hapa. Nafasi ya bwana afya imefutwa kuanzia mwisho wa mwezi huu.'"

Hakuna aliyepiga kigelegele tena. Watu walianza kutazama kucha zao.

"Baba," shangazi akauliza polepole, "au nilizidisha?"

"Uliumwa vizuri mno, shangazi."

Bwana Mitaro akajikalisha kwenye benchi la wagonjwa, jasho likimtoka. Muuguzi mkuu akaja na kipimo cha presha, akamfunga mkononi, akakitazama na kutikisa kichwa.

"Imepanda, kaka. Imepanda kweli." Akasita kidogo, akavuta daftari la wagonjwa. "Samahani. Nikuandike? Mkaguzi atarudi baada ya miezi mitatu."

Bwana Mitaro alifumba macho.

"Niandike," akasema.